Fimbo Niliyoikereza Bunda

Fimbo ya kwanza nzuri niliyoishika maishani niliitoa mwenyewe mkononi mwangu, nikampa mtu aliyekuwa anampiga mzee. Naanzia hapo, maana nikianzia kwingine nitakuwa najipendelea.

Nilikuwa fundi wa mashine ya kukereza vyuma katika kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda. Ilikuwa miaka ya dhiki, ya foleni za sukari na sabuni, miaka ambayo mtu akikuona na kipande cha sabuni ya kufulia anakuuliza kwa sauti ya chini umekipata wapi. Kiwandani vipuri havikuwepo. Mashine ikifa, tulikereza kipuri kutoka kwenye chuma chochote kilichopatikana, iwe ekseli ya trekta au bomba la zamani. Mkuu wa karakana alikuwa ananituma Musoma mara kwa mara kutafuta chuma, na mara nyingi chuma hakikuwepo, naambiwa nisubiri kesho. Siku moja katika kusubiri huko mvua ilinikuta mtaa wa Iringo. Nikakimbilia baraza ya jengo la zamani lililokuwa klabu ya wakubwa kabla ya uhuru. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mzee mmoja alikuwa anacheza biliadi peke yake.

Alikuwa mtunzaji wa jengo lile, Mjita wa vijiji vya wavuvi kule rasini, mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Wakubwa wale walimfundisha kusafisha meza. Kucheza alijifundisha mwenyewe wao wakiwa wamelala mchana. Kitambaa cha kijani cha meza kilikuwa kimeshonwa mahali pengi kwa uzi wa nyavu, na mipira ilikuwa imebaki michache. Hakuinua kichwa nilipoingia. Aliinama, akautazama mpira mweupe kwa muda mrefu, kisha akaugonga polepole sana. Ukaenda, ukaugusa mwekundu kama mtu anavyomgusa mwenzake begani ili apishwe, na mwekundu ukaingia shimoni bila kelele.

Mimi nimezaliwa kwenye ng'ombe, jirani na Butiama. Kwetu fimbo ni ya kuchungia na ya kupigia. Baba alitupiga kwa fimbo, na yeye alipigwa na babu, na vijana wa rika moja walipasuana vichwa kwa fimbo kwenye ngoma na kwenye visima, kisha wakasifiwa. Sikuwa nimewahi kuona fimbo ikifanya jambo kwa upole namna ile.

"Karibu, kijana," mzee akasema. "Unaujua huu mchezo?"

"Siujui, mzee."

"Shika basi."

Aliyonipa haikuwa ile ya kwenye rafu ya ukutani, bali yake, aliyokuwa anaihifadhi kwenye sanduku jembamba la mbao chini ya kaunta. Aliachiwa na mtu aliyehama nchi. Nusu ya mbele ilikuwa mti mweupe wenye mistari mirefu iliyonyooka, na nusu ya nyuma ilikuwa mpingo. Pale zilipoungana, weusi ulipanda ndani ya weupe kwa ncha nne kali, na ukipitisha ukucha huoni ufa. Niliilaza mezani nikaiviringisha. Haikurukaruka hata kidogo. Mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kukereza vitu vikawa duara, nilijua kwamba mtu aliyeikereza ile alikuwa amenizidi kwa mbali, na kwamba alikuwa na furaha siku alipoimaliza. Nikaanza kumwonea wivu mtu nisiyemjua.

Tangu siku ile nikawa naomba kutumwa Musoma. Mzee alinifundisha kuweka mkono wa kushoto mezani, vidole vimekaa kama miguu ya kuku, fimbo inapita katikati yake bila kutetemeka. Alinifundisha kwamba mpira haupigwi, unasukumwa. "Ukitaka kupiga, rudi kwenu ukapige ng'ombe," alikuwa ananiambia, bila kucheka.

Kisha wakaja kusaka wahujumu uchumi. Walipita duka kwa duka, nyumba kwa nyumba, na alasiri moja wakaingia klabuni, mgambo wanne na mtu mmoja wa ofisini aliyebaki mlangoni. Mimi nilikuwa mezani, nimeinama, zamu yangu. Chini ya kaunta, nyuma ya lile sanduku, walikuta katoni ya sabuni. Mzee aliikusanya kipande kwa kipande kwa ajili ya harusi ya binti yake. Akajaribu kuwaeleza. Mgambo wa kwanza alichomoa fimbo kwenye rafu akampiga nayo mgongoni, ikavunjika. Wa pili akachomoa nyingine. Fimbo za rafuni zilikuwa zimeoza kwa ukavu, zilikuwa zinavunjika kwa pigo la pili au la tatu, na kila ilipovunjika walichukua nyingine, huku wanacheka kwamba mzee ana mgongo wa chuma. Mzee alikuwa amepiga magoti, mkono wa kushoto ameuweka kichwani kujikinga. Rafu ikaisha. Mgambo mmoja akageuka, akaniona.

"Lete hiyo."

Nilikuwa kijana mwenye nguvu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ningeweza kukimbia nayo, au kuishikilia, au hata kusema neno moja tu. Nikampa. Nilinyoosha mkono nikampa, upande wa mpingo ukiwa kwake, kama unavyompa mtu kisu kwa adabu.

Ile haikuvunjika upesi. Ilikuwa fimbo nzuri. Mifupa ya mkono wa mzee ilitangulia kuvunjika.

Walipoondoka naye nilikuwa bado nimesimama pale pale, chaki ya kupaka kwenye ncha ya fimbo iko kwenye kiganja changu, nimeiminya mpaka imekuwa unga.

Alikaa ndani miezi, akatoka. Nilimwendea kijijini kwake, kwenye nyumba iliyokuwa inanuka dagaa, nikakaa mbele yake. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeganda vimekunjamana. Mkono wa kuweka mezani huo.

"Uliogopa?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi niliogopa." Kisha akamwita binti yake, akamwambia alete kile kifurushi. Vilikuwa vipande vya ile fimbo, vimefungwa kwa gunia. Sijui nani alimwokotea. "Wewe ni fundi," akasema. "Kaipime."

Nilitaka anitukane. Hakunitukana, na baada ya miaka michache akafa bila kunitukana.

Niliipima. Nilipima unene wake kila upana wa kidole, nikaandika kwenye daftari la karakana. Nikaanza kukereza yangu. Ya kwanza niliitengeneza kwa mninga, ikawa nzito mbele. Ya pili ya mvule, ikapinda mvua zilipoanza. Nilitupa nyingi. Mke wangu aliwasha nazo moto kwa miaka, alikuwa anasema chai ya nyumba yetu inapikwa kwa makosa yangu.

Mti niliokuwa nautafuta niliupata kwa sababu ya balaa la watu wengine. Wakati biashara ilipofunguliwa, nguo za mitumba zilijaa masokoni na kiwanda cha nguo cha Musoma kikafungwa. Mashine ziliuzwa kama vyuma chakavu. Kwenye lundo nikaona miti mirefu ya rangi ya asali, ile iliyokuwa inapiga na kurusha uzi huku na huku kwenye mitambo ya kufumia. Mti wa Ulaya, mkavu kwa miaka mingi ya kupigana na nyuzi, haupindi tena. Mmoja peke yake ulikuwa mfupi, lakini ungetosha nusu ya mbele. Nusu ya nyuma nikaweka mpingo. Katikati nikakereza skrubu ya shaba kutoka kwenye bomba la maji ili vipande viwili vikazwe viwe kimoja. Ncha nne za weusi ndani ya weupe zilinichukua mwezi mzima, kwa patasi niliyoitengeneza kwa blade ya msumeno. Kule mwisho, mahali pa kugongea mpira, nikagandisha matabaka ya ngozi ya mpira wa miguu uliochakaa, nikayabana kwenye jiriwa usiku kucha yakawa kitu kimoja kigumu. Asubuhi niliiviringisha juu ya bamba la chuma. Haikuruka.

Wakati huo na kiwanda chetu cha Bunda kilikuwa kinapumua kwa shida. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori yao, nasi tukapunguzwa kazini. Nikajiunga na fundi mmoja aliyekuwa na karakana mtaa wa Kabasa, hapo hapo Bunda. Na kwenye mabaa, meza za pool zikaanza kushushwa kutoka kwenye malori ya Mwanza. Ndogo kuliko ile ya klabu, mipira ya rangi rangi, lakini kitambaa kilikuwa cha kijani kilekile. Fimbo zao zilikuwa zimepinda kama mikia ya mbwa, ncha zimebandikwa raba ya tairi. Mimi nilikuwa naingia na mfuko wangu wa turubai, natoa vipande viwili, navikaza mbele ya watu, na watu wananyamaza. Sitadanganya, nilikipenda kile kimya kuliko ushindi wenyewe.

Mabaa yale yalikuwa ya watu waliopunguzwa kazi, waliokuwa wanakunywa mchana, na fimbo ziko mkononi mwao tayari. Niliona mtu akitolewa meno Bunda kwa sababu ya zamu. Niliona mwingine akipigwa mpira mweupe wa kichwa, anaanguka bila sauti. Wenye mabaa wengine walizifunga fimbo kwa mnyororo. Na si mabaa tu. Asubuhi moja nilikuwa nakatiza sokoni Bunda kwenda karakana, mfuko wangu begani, nikakuta wamemzunguka mwizi wa baiskeli. Alikuwa bado anasema. Mawe yalikuwa yanatafutwa. Mtu mmoja, namfahamu, mzee wa kanisa, akanishika mkono.

"Fundi, hiyo fimbo yako lete."

Safari hii sikutoa. Niliukumbatia mfuko kifuani nikasukumana nao, nikatoka, nikakimbia mpaka Kabasa. Nilijiona mwanamume. Nilifika karakana nikaitoa nikaikagua urefu wote, haikuwa na mkwaruzo, nikafurahi. Ilipofika saa sita wakaja kusema yule mtu amekufa, wamemfunika kwa kitenge. Ndipo nikatambua kwamba njia nzima sikuwa nimemfikiria yeye hata mara moja.

Sasa nimseme shemeji yangu.

Alikuwa mdogo wa mke wangu, kitinda mimba wa mama yake, mwenyeji wa huko Butiama. Tuliishi naye Bunda kabla hajapata kazi Musoma kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Kijana mcheshi, mabega mapana, mvivu wa kuamka. Mimi ndiye niliyemfundisha mchezo, vidole kama miguu ya kuku, kama nilivyofundishwa. Siku moja tulikuwa tunasugua fimbo kwa msasa pamoja karakana, yeye upande ule mimi upande huu, nikamweleza habari ya yule mzee na ya mgambo. Sikuwa nimemweleza mtu, hata dada yake. Alisikiliza bila kuacha kusugua, mwisho akasema, "Pole, shemeji." Nilimpenda kwa hilo.

Alipohamia Musoma akawa bingwa wa Iringo. Nilikuwa namfuata Jumapili baada ya ibada, tunakunywa soda, tunacheza mpaka jua linapopungua. Watu walikuwa wanakuja kututazama. Jumapili moja tulikuwa tumefungana, nimebakiza mpira mweusi peke yake, na mweupe umekaa karibu na ukingo, vibaya. Ilinibidi nijinyooshe juu ya meza. Mkono wa shati langu ukaugusa mweupe. Ulisogea kidogo tu, unene wa njiti ya kiberiti, na ulisogea upande unaonifaa.

"Umegusa, shemeji," akasema.

"Sijagusa."

"Umegusa bwana. Mkono wa shati."

"Nimesema sijagusa."

Niligusa. Nilijua wakati ule ule. Lakini kulikuwa na watu, wafanyakazi wenzake wa kiwandani wamejaa mlangoni, na mimi ndiye fundi, mwenye fimbo, mwalimu wake. Yeye akanitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anasubiri nicheke, tucheke wote. Sikucheka. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu:

"Ndivyo ulivyo. Ulimpaga mgambo fimbo amvunje mzee wako, utashindwa kukataa mpira?"

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Mzee gani?"

Niliigeuza fimbo. Upande wa mpingo. Nakumbuka uzito wake ulivyohama mkononi, na nakumbuka niliwaza, sijui kama ni kuwaza, kwamba nimeitengeneza vizuri, imekaa sawa hata ikiwa kinyume. Nilimpiga usoni kwa nguvu zangu zote. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alikaa chini polepole kama mtu anayetafuta kiti, mkono juu ya jicho la kulia, na kati ya vidole vikaanza kutoka vitu ambavyo si damu peke yake. Hakupiga kelele. Alisema "shemeji", mara mbili, kama anaita nimsaidie.

Na mimi, kabla sijamtazama yeye, niliitazama fimbo kama imepasuka.

Haikuwa imepasuka. Kisha wenzake wakanifikia. Walinipiga kwa fimbo za baa, kwa chupa, kwa miguu. Nilipoteza meno matatu na mbavu zangu hadi leo zinatabiri mvua. Polisi walipokuja walinitoa chini ya meza. Nilikuwa bado nimeishikilia fimbo. Wakainyofoa kidole kwa kidole.

Jicho halikupona. Daktari alilitoa siku ya pili.

Mke wangu alikuja mahabusu kila siku akiwa na chakula. Alikuwa anatoka wodini kwa mdogo wake, anapita kwangu, anaweka bakuli, anaondoka. Shati langu la ile siku, alilopewa na polisi, alilitia kwenye ndoo ya maji nyuma ya nyumba akaliacha. Nilipotoka bado lilikuwa ndani ya ndoo, limevunda, nzi wamejaa. Hakulifua. Hakulitupa pia. Nililizika mwenyewe.

Nilitoka kwa sababu ukoo wao ulisema jambo ni la nyumbani, likamalizwe na wazee. Kila mtu alijua maana ya kwenda kumalizwa na wazee kule Butiama. Baba mdogo wangu aliniambia nisiende peke yangu. Nikaenda peke yangu. Nilishuka kwenye gari asubuhi, nikatembea mpaka kwao, na kaka zake watatu walikuwa wananisubiri kando ya zizi. Hawakunisalimia. Nilivua shati nikaliweka juu ya jiwe, na hilo liliwakasirisha zaidi, walidhani najionyesha. Walinipiga kwa fimbo za kuchungia, kwa zamu, kama kazi. Mkubwa alikuwa analia huku anapiga. Ng'ombe walikuwa wanatutazama kwa utulivu. Sijui ingefika wapi kama mama yao asingetoka.

Kwa mila yetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Tangu nilipooa sikuwahi kumshika mkono, nilikuwa nikimwona njiani naingia porini, na yeye anageuza uso. Siku ile alitembea moja kwa moja mpaka nilipoanguka. Watoto wake waliacha kupiga kwa mshangao. Alinisimamia karibu kiasi kwamba niliona nyufa za visigino vyake. Akainama, akanipiga kofi la mdomo, kwa kiganja wazi, mara moja. Kisha akarudi ndani. Fimbo zote za asubuhi ile zimepona. Lile kofi bado liko.

Wazee walikaa alasiri kivulini mwa ghala la mtama. Shemeji aliletwa, kitambaa cheupe kimefungwa jichoni, amekonda, akakalishwa upande wa ndugu zake. Mwenyekiti wa kikao, mzee mwenye sauti nyembamba, alinigeukia.

"Mkwe wetu. Tumesikia ugomvi ulianza kwa mpira. Mtoto wetu anasema uligusa. Wewe ukasema hukugusa. Sasa tuambie."

"Niligusa," nikasema.

"Uligusa?"

"Niligusa, wazee wangu. Nilijua nimegusa."

Nilisikia mtu akitema mate. Kwa ajabu, ndugu zake walionekana kuumia zaidi kwa neno lile kuliko kwa jicho. Jicho linaweza kutoka katika ugomvi wa haki. Hili lilitoka kwa uongo wa mtu mzima.

Wakataja ng'ombe wa fidia na mimi sikubishana. Ndipo yule mzee akamwuliza shemeji kama naye ana neno.

"Hao ng'ombe ni wa nyumbani," akasema. "Mimi mwenyewe nataka fimbo."

"Fimbo gani?"

"Ile aliyonipigia."

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kijana bado ana homa. Kaka mkubwa akasema vizuri, tuichome. Shemeji akatikisa kichwa polepole, kwa sababu ya maumivu. "Hakuna atakayeichoma," akasema. "Nataka niwe nayo."

Nilikwenda kuiomba polisi, nikamkabidhi mikononi mbele ya dada yake. Hakuikaza wala hakuikagua. Aliutia mfuko kwapani akapanda gari la Musoma.

Mke wangu alirudi kwao Butiama akakaa misimu miwili ya pamba. Sikumfuata. Aliporudi alirudi mwenyewe, na sharti lake lilikuwa moja, kwamba fimbo yoyote ya pool isivuke kizingiti cha nyumba yake. Nilikubali. Kucheza niliacha siku ileile ya baa na sijawahi kurudi mezani. Wengine wanadhani ni toba. Ukweli ni kwamba nikiinama na kunyoosha mkono, naona mkono wa shati.

Kukereza sikuacha. Nilikereza za mabaa ya Bunda, Musoma, mpaka Tarime. Nazo zinatumika kwa yote mawili, kuchezea na kupigia, najua hivyo, na bado ninazitengeneza.

Mwaka wa pili au wa tatu, kondakta wa basi la Musoma aliniletea karakana kitu kilichofungwa kwa gazeti. Kilikuwa nusu ya mbele ya ile fimbo. Hapakuwa na barua. Niliigeuza, nikaona ngozi ya kule mwisho imelika mpaka kwenye mti. Ngozi hailiki kwa kukaa kwenye kona. Nilikaa chini. Kisha nikakata ngozi mpya, nikaibana, nikaigandisha, nikaisugua, nikairudisha kwa kondakta yuleyule. Baada ya miezi ikaja tena. Watu waliotoka Musoma waliniambia shemeji anacheza amegeuza kichwa kama kuku anayetazama punje, kwamba mwanzo alikosa hata mipira iliyo mdomoni mwa shimo, walimcheka, na aliendelea. Kisha hawakumcheka tena. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaongea kwa muda mrefu, yeye anaimaliza ngozi, mimi naweka nyingine.

Jumamosi moja, saa ya chakula cha mchana, alikuja mwenyewe. Nilimwona anavuka barabara ya Kabasa na mfuko wa turubai begani, amenenepa, ndevu zimeanza mvi upande mmoja. Pale jicho lilipokuwa, ngozi imefunga vizuri, kama mfuko ulioshonwa.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji."

"Skrubu imelegea. Hili si la kumpa kondakta."

Niliitazama. Ilikuwa imelegea kweli, nyuzi za shaba zimechoka. Niliwasha mashine nikakereza nyingine, naye akasimama upande wa kulia kwangu ili anione. Nilitaka kuomba msamaha tena. Niliomba mbele ya wazee, lakini mbele ya wazee ni kazi ya kikao.

"Lile jicho," nikaanza.

"Nina njaa," akasema. "Dada amepika nini?"

"Samaki, ningu."

"Twende basi."

Mke wangu alikuwa anapakua alipomwona mlangoni. Alisimama na mwiko hewani. Hakuwa amemwona chini ya dari letu tangu ile Jumapili. Akamtazama mdogo wake, akamtazama mfuko begani kwake.

"Hicho kitoe nje," akasema.

Akatoka nacho. Nilimsikia anakisimamisha ukutani, nikainuka bila kufikiri, nikachungulia dirishani.

"Usiiegemeze, itapinda," nikamwambia. "Ilaze juu ya magunia."

Akailaza. Akarudi, akanawa mikono, tukala.